BARAZA LA MWEZI: Parachuti Lifungukapo, Mguu Je?



Mwezi huu tumepokea barua ya mama mmoja akaaye Schaerbeek, msomaji wa karatasi hizi tangu zilipokuwa kurasa nne tu. Binti yake mwenye umri wa miaka 17 amerudi nyumbani na fomu ya kutiwa sahihi. Vijana wa jumuiya yetu wamekusudia kwenda Spa mwezi wa Mei kuruka kutoka ndegeni kwa parachuti. Kila atakayeruka atatafuta wafadhili miongoni mwa jirani, walimu na wafanyakazi wenzake, na fedha zitakazopatikana zitatumika kuezeka upya wodi ya wazazi katika kituo kimoja cha afya huko Fizi. Kwa kuwa binti hajatimiza miaka 18, sahihi ya mzazi yahitajika. Mama anatuuliza kwa maneno machache: atie sahihi au asitie? Anaongeza kwamba baba wa mtoto hataki hata kulisikia jambo lenyewe likitajwa mezani.

Waliohudhuria mkutano wa mwezi uliopita wanajua kwamba suala hili lilikwisha kuzusha maneno. Wazee waliliita wazimu. Vijana wakajibu kwamba wazee huogopa kila kitu kisichokuwa kazi na misa. Sisi tuliokuwa tumekaa katikati hatukuridhika na upande wowote, kwa sababu hakuna aliyeeleza hatari yenyewe ni ipi na iko wapi. Tumejipa kazi ya kusoma na kuuliza, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza tuseme neno juu ya hofu ya wazee, maana vijana waliicheka, na haikustahili kuchekwa. Wengi wao hawakuijua parachuti kwanza kama mchezo. Alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964, ndege za Kimarekani aina ya C-130 zilipita juu ya Kisangani, mji ulioitwa Stanleyville wakati ule, zikawamwaga askari wa miavuli wa Ubelgiji zaidi ya 300 karibu na uwanja wa ndege. Walikuja kuwakomboa mateka wa kigeni waliokuwa mikononi mwa Simba. Siku mbili baadaye mambo yalikuwa hayo hayo Paulis, ambao leo ni Isiro. Mwezi wa Mei 1978 ikawa zamu ya Kolwezi, safari hii wakishuka askari wa Jeshi la Kigeni la Ufaransa. Aliyekuwa mtoto katika miji hiyo leo ni mzee, na mzee huyo akimwona mtu ananing'inia angani chini ya kitambaa, haoni burudani. Anaona mizinga, watu wakikimbilia msituni, na nyumba ambazo wenyewe hawakurudi. Tena askari wale wa Ubelgiji walifundishwa kuruka nchini humu, na hadi leo jeshi linafundisha Schaffen, karibu na Diest, mwendo mfupi kwa gari kutoka hapa Brussels. Kijana aliyezaliwa Etterbeek hana budi kulijua hilo kabla ya kumwambia babu yake kwamba ni mwoga.

Hata hivyo, kutoka kwa askari wale tunaweza kujifunza jambo la kwanza kuhusu majeraha. Askari hurushwa kutoka chini sana. Kisangani ilikuwa takriban mita 200 tu, ili asikae angani muda mrefu akilengwa. Parachuti lake la mviringo hufunguliwa na kamba iliyofungwa ndegeni, naye hana uwezo mkubwa wa kuliongoza. Hushuka kwa kasi ya mita 5 hadi 6 kwa sekunde. Ukipiga hesabu, ni sawasawa na mtu anayeruka kutoka juu ya ukuta wa mita moja na nusu au zaidi, naye amebeba mzigo, gizagiza, bila kujua chini kuna jiwe au shimo. Kwa hiyo kitu ambacho askari wa miavuli hufundishwa kwa siku nyingi ni kuanguka. Miguu ibanwe pamoja, magoti yalegee kidogo, kisha mwili ubiringike: nyayo, muundi, paja, nyonga, bega. Mshindo ugawanywe katika mwili mzima badala ya kumezwa na kifundo kimoja cha mguu. Majeshi hayakufundisha hivyo kwa kupenda sarakasi. Yaliona ni wapi watu wanavunjika.

Mchezo wa leo ni mwingine kwa sura. Pale Spa, kwenye uwanja wa La Sauvenière ulio mlimani juu ya mji, mgeni hupandishwa ndege ndogo hadi mita 4000. Kwa ndugu zetu wa Goma tuseme hivi: ni juu zaidi ya kilele cha Nyiragongo. Mgeni anayekuja kwa mara ya kwanza kwa kawaida harushwi peke yake. Hufungwa kwa mikanda kifuani mwa mwalimu, mgongo wake ukiwa umemgusa mwalimu tumboni, na wawili hao hutoka mlangoni kama mtu mmoja. Huanguka kwa muda usiofikia dakika moja, kwa kasi inayokaribia kilomita 200 kwa saa, wakizuiwa na kiparachuti kidogo cha nyuma kisichowaacha waende kasi zaidi kwa uzito wao wa watu wawili. Wakiwa kama mita 1500 juu ya ardhi mwalimu hufungua parachuti kubwa, halafu huelea dakika chache hadi chini.

Swali ambalo kila mzazi huuliza ni: je, lisipofunguka? Ni swali la haki, lakini ndilo ambalo wenye mchezo wamelifanyia kazi zaidi kuliko yote. Parachuti kuu hukadiriwa kukataa kufunguka vizuri mara moja hivi katika miruko 1000. Kwa sababu hiyo kila mrukaji hubeba la pili, la akiba, ambalo hukunjwa na fundi mwenye leseni na kukaguliwa kwa muda uliowekwa. Na kama mtu amezimia, au amechanganyikiwa, au amesahau? Tangu mwaka 1991 kimekuwapo kifaa kidogo kilichobuniwa na Mjerumani Helmut Cloth, nacho hukaa ndani ya mfuko wa mgongoni kikipima mgandamizo wa hewa. Kikiona mtu bado anaanguka kwa kasi ilhali amefika karibu na ardhi, hukata kamba inayolifunga parachuti la akiba, nalo huchomoka lenyewe. Kwa mrukaji wa kawaida mwenye ujuzi kimewekwa kufanya kazi kwenye mita 225 hivi. Hiyo ni kama Atomium mbili zilizowekwa moja juu ya nyingine, na kwa kasi ile zimebaki sekunde nne. Waliookolewa na kijidude hicho wako wengi duniani, wanakula na kunywa na wajukuu wao.

Matokeo yake yanaonekana katika hesabu. Nchini Marekani, ambako mchezo huu una wafuasi wengi mno, mwaka 1970 na kitu vifo vilikuwa zaidi ya 40 kwa mwaka kwa wastani. Mwaka 2023 walikufa watu 10 katika miruko ipatayo milioni 3.65. Ni chini ya kifo kimoja kwa kila miruko 300,000. Mzee mmoja alipoambiwa hesabu hiyo alituuliza kama waliohesabu ni hao hao wanaouza tiketi. Swali zuri. Ndiyo, ni shirikisho la mchezo wenyewe. Lakini maiti haifichiki kirahisi katika nchi yenye magazeti na mahakama, na hatuna sababu ya kuikataa hesabu hiyo.

Majeraha ni jambo jingine. Mtu aliyevunjika kifundo cha mguu hatangazwi redioni. Huko Sweden watafiti walipitia taarifa za miaka ya 1999 hadi 2003, wakakuta matukio 257 ya watu kuumia katika miruko karibu 540,000, yaani matukio 48 kwa kila miruko 100,000. Ukilinganisha na vifo vya Marekani, ingawa nchi si moja na miaka si ile ile, utaona kwamba kwa kila anayekufa wako zaidi ya mia moja wanaoumia. Sehemu zinazoumia sana ni miguu, kisha mabega na uti wa mgongo. Na watafiti walikuta jambo ambalo twaomba vijana walisome mara mbili: wanafunzi huumia mara nyingi zaidi kuliko wenye leseni, na wengi wao wakishaumia huacha mchezo, ilhali majeraha mabaya kupita yote huwapata wale wenye leseni. Mwanafunzi huumia kwa kutojua. Mzoefu huumia kwa kujua mno.

Tueleze kwa nini. Parachuti la siku hizi si la mviringo tena kama la askari wa 1964. Ni bawa la kitambaa lenye vyumba vinavyojaa hewa, nalo huruka mbele kama ndege. Faida yake ni kwamba huongozwa kulia na kushoto na kutua pale panapotakiwa. Hasara yake ni kwamba linakaribia ardhi likiwa linakwenda mbele pia, si kushuka tu. Ili kutua, mrukaji huvuta chini vishikio vyake viwili kwa pamoja akiwa mita chache kutoka ardhini. Bawa huinua pua, mwendo hufa, naye hugusa nyasi kama korongo atuaye ufukoni. Akivuta mapema mno, bawa huishiwa nguvu angani na kumwangusha kama gunia. Akivuta akiwa amechelewa, huipiga ardhi na kasi yote. Kati ya mapema na kuchelewa ni kama sekunde moja. Wazoefu, kwa upande wao, hununua mabawa madogo yaendayo kasi, wakapinda chini chini karibu na ardhi ili wapite wakiteleza juu ya nyasi mbele ya watazamaji. Watu wengi wamekufa na kuvunjika uti wa mgongo kwa namna hiyo, juu ya vichwa vyao kukiwa na parachuti zima lililofunguka kama lilivyotengenezwa.

Mgeni aliyefungwa kwa mwalimu hana vishikio vya kuvuta kwa makosa, na hiyo ndiyo salama yake kubwa. Analo jukumu moja tu: kuinua miguu yake anapoambiwa. Watatua wamekaa, wakiteleza kwa makalio, au mwalimu atatua kwa miguu yake mwenyewe ikiwa upepo unaruhusu. Asiyeweza kuinua miguu, kwa unene, kwa maumivu ya nyonga, au kwa sababu amepigwa na bumbuazi kwa hofu, ndiye ambaye visigino vyake vitatangulia kugusa ardhi huku uzito wa watu wawili ukimjia kwa nyuma. Hapo ndipo huvunjika kifundo, au kifandugu, au pingili ya mgongo. Kwa hiyo mazoezi ya kuinua miguu yanayofanywa chini kabla ya kupanda ndege si maigizo. Anayecheka wakati wa mazoezi hayo akiwa na simu mkononi afadhali abaki kunywa kahawa.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuandike kurasa hizi, nalo ni sadaka.

Mwaka 1999 madaktari wa Tayside, huko Scotland, walichapisha uchunguzi wao wa miaka mitano. Walikuwa wamechoka kupokea watu waliovunjika waliotoka katika vituo viwili vya parachuti vya eneo lao. Waliwahesabu majeruhi 174, wakakuta asilimia 94 walikuwa ni watu walioruka kwa mara ya kwanza ili kuchangisha fedha za hisani. Katika miaka hiyo desturi ya miruko ya namna hiyo Uingereza ilikuwa mtu aruke peke yake baada ya mafunzo mafupi. Kati ya waliokuja kuruka kwa hisani, asilimia 11 waliumia, na asilimia 7 waliumia vibaya. Kila mmoja alikuwa amechangisha wastani wa pauni 30. Walipopiga hesabu ya plasta, upasuaji na siku za kulazwa, madaktari walikuta kwamba kila pauni moja iliyopatikana kwa ajili ya hisani iliigharimu hospitali ya umma pauni 13.75.

Tuliisoma hesabu hiyo mara ya pili, maana ilikuwa kama hadithi ya Abunuwasi. Watu wema walivunjika miguu ili kuwasaidia wagonjwa, wakawa wagonjwa.

Tuwe wakweli: vijana wetu hawakusudii kuruka peke yao. Wamepanga kufungwa kwa mwalimu, na kwa hiyo asilimia 11 ya Tayside si yao. Hatari yao ni ndogo mno ikilinganishwa na ile. Lakini sehemu nyingine ya hesabu imebaki pale pale. Mruko mmoja wa kufungwa na mwalimu hapa Ubelgiji unagharimu zaidi ya euro 200. Ikiwa kijana atapata euro 300 kwa wafadhili wake, sehemu kubwa itakwenda kwenye mafuta ya ndege na mshahara wa mwalimu, na Fizi itapelekewa makombo. Jirani Mbelgiji aliyetoa euro 20 akidhani ananunua bati, atakuwa amemlipia kijana wetu Jumamosi moja ya furaha. Jambo hilo si zuri hata kama hakuna kifundo kitakachovunjika.

Zipo ajali ambazo kijana hawezi kuzikinga kwa kuinua miguu. Tarehe 19 Oktoba 2013 ndege aina ya Pilatus iliyoondoka Temploux, karibu na Namur, ilianguka shambani Marchovelette baada ya bawa lake kuvunjika angani. Rubani na warukaji 10 walikufa wote. Familia nyingi za Wallonia zinaikumbuka siku hiyo. Wengine hutaja pia kifo cha mwanamke mmoja huko Limburg mwaka 2006, ambaye maparachuti yake yote mawili yalimkataa. Hicho hakikuwa ajali. Mahakama ya Tongeren mwaka 2010 iliamua kwamba vifaa vyake vilikuwa vimehujumiwa na mrukaji mwenzake, ikatoa adhabu ya kifungo cha miaka 30. Tunakitaja ili kitolewe katika mazungumzo ya usalama wa vifaa; mahali pake ni katika mazungumzo ya wivu.

Lakini kuna hatari moja ambayo hatukuiona ikitiliwa uzito katika karatasi yoyote ya matangazo tuliyoisoma, pengine kwa sababu walioiandika hawakuwa wakitufikiria sisi. Nayo ni ugonjwa wa selimundu, ambao ndugu zetu wa Kongo huuita kwa jina la Kifaransa au kwa herufi mbili tu, SS. Chembe nyekundu za damu ya mgonjwa hujikunja na kuwa kama mundu zinapokosa oksijeni, zikaziba mishipa midogo, na hapo huja maumivu yale ambayo kila mama aliyekesha na mtoto wake anayajua. Ndege ya warukaji si kama ndege ya abiria. Ndani ya ndege ya abiria hewa hugandamizwa, na mwili hujiona kama uko mita 2400 au chini ya hapo, hata kama nje ni mita 11,000. Ndege ndogo ya Spa haina kitu kama hicho. Kwenye mita 4000 oksijeni inayoupata mwili ni kama asilimia 60 tu ya ile ya usawa wa bahari, na baridi imezidi ya chini kwa nyuzi 25 hivi, na baridi nayo ni adui wa mgonjwa huyo. Kwa hiyo asije mtu akasema, "Mwanangu alisafiri hadi Kinshasa bila tatizo." Kinshasa si kipimo.

Mwenye SS asiruke. Hilo twalisema bila kuzunguka. Aliyerithi upande mmoja tu, yaani AS, aghalabu huishi maisha yake yote bila dalili. Lakini wako wa namna hiyo ambao wengu lao liliumia walipopanda milima mirefu, kwa hiyo naye amwone daktari kabla ya kulipa. Wazazi wengi hawajui watoto wao wako kundi gani, ilhali jibu laweza kuwa limelala katika jalada. Hospitali za uzazi za Brussels zimekuwa zikiwapima watoto wachanga ugonjwa huu tangu mwaka 1994. Mtoto aliyezaliwa hapa aliweza kupimwa; aliyezaliwa Bukavu au Dodoma huenda hakupimwa kamwe, naye apimwe. Na fomu ya klabu inapouliza kuhusu magonjwa, ijazwe kwa kweli. Mficha maradhi, kifo humfichua. Wenye shinikizo la damu, wajawazito, waliowahi kuvunjika mgongo au kuteguka bega, na hata mwenye mafua makali ambaye masikio yake hayatafunguka wakati wa kushuka, wote haya yanawahusu.

Kisha kuna mambo ya mfukoni. Mutueli, yaani mfuko wetu wa bima ya afya, hulipa sehemu ya gharama za matibabu, si zote. Mfanyakazi akilazimika kukaa nyumbani kwa miezi, baada ya kile kipindi cha mwanzo ambacho mwajiri hulipa, hupata asilimia 60 ya mshahara wake, na mshahara wenyewe huhesabiwa mpaka kiwango fulani tu. Kwa mwenye mkataba wa wiki kwa wiki mambo ni mabaya zaidi. Miongoni mwetu wapo wanaosafisha ofisi kabla ya mapambazuko, wanaobeba mizigo ghalani, wanaosimama jikoni saa kumi. Mtu wa namna hiyo akivunjika kifundo, haumii peke yake. Anaumia pamoja na mwenye nyumba anayesubiri kodi na bibi anayesubiri fedha kule nyumbani. Mikataba mingi ya bima ya maisha na ya hospitali huandika parachuti katika orodha ya michezo isiyolipiwa, kwa herufi ndogo, ukurasa wa mwisho. Isomeni orodha hiyo. Na kwenye klabu ulizeni: ada hii ina bima ndani yake? Inalipa nini, kiasi gani, na inamlipa nani? Jibu liwe la maandishi. Fomu inayosema mrukaji amezielewa hatari zote isitiwe sahihi na mtu asiyekijua Kifaransa au Kiflemi ilichoandikiwa. Katika jumuiya hii wako wa kutosha wa kumsomea.

Hayo twayasema kwa Ubelgiji, lakini yanakwenda hata kwa wale wanaopita likizo Diani, kusini mwa Mombasa, au wanaowatembelea ndugu zao Dubai, ambako watalii huruka juu ya bahari kila siku. Mchanga wa Diani ni laini kuliko malisho ya Spa, lakini huko karatasi za bima zinahitaji kusomwa zaidi, si kidogo.

Maoni yetu ni haya. Mtu mzima mwenye afya, aliyesoma karatasi zake, akitaka kuruka na mwalimu kwa fedha zake na kwa furaha yake mwenyewe, aende, wala asiitwe mwendawazimu. Hatari anayoikubali ni ndogo, na wengi wetu tulivuka hatari kubwa kuliko hiyo ili kufika hapa, bila mwalimu wala parachuti la akiba. Lakini mruko wa hisani kwa ajili ya Fizi hatuuungi mkono. Kila mwaka mwishoni mwa Mei maelfu ya watu hukimbia kilomita 20 za Brussels kuanzia bustani ya Cinquantenaire, na vyama vingi huchangisha fedha kupitia mbio hizo. Ada yake ni ndogo sana kuliko bei ya ndege. Magoti nayo yana kesi yake, hatukatai, lakini anayechoka kwenye mbio anaweza kukaa chini ukingoni mwa barabara, na euro 20 za jirani zitafika Fizi karibu zote. Vijana watatu tuliozungumza nao wamekubali kulifikiria. Wa nne ametuambia atafanya yote mawili, na mruko ataulipia mwenyewe. Hatukuwa na la kumjibu, ila kumwomba aje atusimulie.

Kwa mama wa Schaerbeek: mwezi huu usitie sahihi, na usimwambie binti kwamba umekataa milele. Nenda naye kwa daktari wenu, mkaulize jibu la kipimo chake cha damu cha kuzaliwa. Msome fomu pamoja, mstari kwa mstari. Kifaransa chake ni kizuri kuliko chetu, na akusomee yeye. Mwaka ujao hatahitaji sahihi yako, na ni heri wakati huo awe amezoea kusoma kabla ya kuweka yake. Vijana watakutana tena Jumapili ya pili ya mwezi, saa nane mchana, katika ukumbi ule ule. Baba wa binti naye amealikwa, na tumemwombea kiti karibu na mzee wetu wa Kisangani.